Vina Vimetimia, Shairi Liko Wapi?

Katika mahafali ya shule yoyote ya Arusha au Moshi, mgeni rasmi akishaketi, husimama mtu na shairi. Mizani sawa, vina sawa, makofi yanapigwa, na ikifika saa ya chakula hakuna anayekumbuka hata mshororo mmoja. Mtunzi yule hajavunja sheria yoyote. Kilichokosekana ni kitu ambacho sheria haziwezi kumpa mtu, na ndicho tunachokishughulikia hapa: namna ya kutoka kwenye upangaji wa vina na kufika kwenye ushairi, kwa hatua zinazofanyika kwa daftari na kalamu.

Tuseme msimamo wetu mapema. Mshairi wa kweli ni yule ambaye kila neno katika ubeti wake lina kazi, na kila anachodai amekiona, amekisikia au amekifikiri yeye mwenyewe. Sauti nzuri, kanzu, cheo cha malenga, kualikwa kwenye sherehe, hayo yatakuja baadaye au yasije kabisa.

Wala hatuamini kwamba kufuata mapokeo au kuyaacha ndiko kunakomfanya mtu kuwa wa kweli au wa bandia. Euphrase Kezilahabi alipotoa mashairi yasiyo na vina wala mizani mwaka 1974, wanamapokeo walisema huo si ushairi, na malumbano yakaendelea kwa miaka. Leo ukisoma pande zote mbili unakuta kuna mashairi mazuri na kuna takataka, huku na huku. Hata hivyo anayeanza tunamshauri aanze na vina na mizani, kwa sababu moja ya kiutendaji: ukikosea, kosa linaonekana na linahesabika. Katika shairi huru mtu anaweza kudanganyika miaka mitano.

Na yule anayesema ushairi wa Kiswahili ni wa watu wa pwani, sisi wa bara tunaazima tu, amwangalie Mathias Mnyampala. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, na ngonjera zilizojaa mashuleni kote nchini zilivuma kwa kalamu yake. Kezilahabi naye alitoka Ukerewe. Mtu wa Marangu au wa Monduli ana kisingizio gani?

Sheria, kwa kifupi

Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria za utunzi mwaka 1954, na mpaka leo ndizo zinazofundishwa. Shairi la kawaida ni tarbia: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, kila kipande mizani 8. Jumla mizani 16 kwa mshororo, 64 kwa ubeti. Kina cha kati hufunga ukwapi, kina cha mwisho hufunga utao. Mshororo wa nne ukirudiwa katika kila ubeti unaitwa kibwagizo. Shairi lililopungukiwa mizani au vina huitwa guni, na jina hilo halipendezi.

Mizani huhesabiwa kwa silabi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Gonga kidole mezani kwa kila silabi huku ukitamka kwa sauti. Usihesabu kwa macho. "Kilimanjaro" ni mizani 5, "Ngarenaro" 4. "Mtu" ni 2, kwa sababu m inasimama peke yake. "Mbuzi" ni 2, kwa kuwa m imeungana na b. Lakini "mbu" pia ni 2, maana neno likiwa fupi namna hiyo m hubeba pigo lake yenyewe. Kwa hiyo "Mto wa Mbu" ni mizani 5, na anayehesabu 4 ameshatunga guni kabla hajaanza. "Nchi" ni 2, "nje" ni 2, "mmea" ni 3. Maneno kama "maktaba" na "labda" yana konsonanti iliyosimama bila irabu. Watunzi wengi huipa mizani yake, ma-k-ta-ba 4, la-b-da 3. Wapo wanaohesabu vingine. Chagua njia moja ushikamane nayo shairi zima.

Kina nacho ni silabi nzima pamoja na konsonanti zake. "-nda" haifanyi kina na "-da", wala "-mba" na "-ba". Huku bara tunaponzwa zaidi na sauti zinazokaribiana mdomoni: "hadithi" haina kina kimoja na "kiasi", "radhi" haina kina na "ngazi", na anayechanganya r na l ataandika "bora" na "lala" akidhani amepatia. Ukiwa na shaka fungua kamusi uangalie herufi.

Basi. Mengine, yaani aina za mashairi kama mtiririko, ukaraguni, msuko, mkufu na ndugu zake, utayasoma ukiyahitaji. Hesabu moja tu ya kuijua mapema: shairi la beti 6 lenye vina vilevile mwanzo hadi mwisho, ambao ndio mtiririko, linahitaji maneno 24 ya kina cha kati na 24 ya kina cha mwisho. Ukitumia kibwagizo, mahitaji yanashuka hadi 19 kwa 19. Ukibadilisha vina kila ubeti, unahitaji maneno manne tu kwa kila kina. Mtunzi mpya anayechagua mtiririko kwa sababu unasifiwa, bila kuhesabu akiba yake ya maneno, ndiye atakayejaza "hakika" na "jamani" kuanzia ubeti wa tatu.

Ubeti uliokufa, na jinsi ya kuufufua

Tazama ubeti huu. Tumeutunga makusudi, lakini wa aina yake utausikia kila wiki:

Ewe ndizi ya Tengeru, ni tamu kweli hakika,
Mimi nasema kwa nuru, jamani ninaridhika,
Mungu tunakushukuru, hakika tumebarika,
Sote tupate uhuru, Tanzania yasifika.

Hesabu: 8 na 8 kila mshororo. Vina -ru na -ka, havikupotea hata mara moja. Ukiupeleka kwenye mtihani utapewa alama. Sasa uliza kila neno limekuja kufanya nini.

"Ndizi ya Tengeru ni tamu." Ndizi gani? Soko la Tengeru lina mshare, ambayo hailiwi mbichi bali inasubiri sufuria ya mtori au machalari, na lina kisukari, na lina za kuivisha kwa ajili ya mbege, pombe ya ndizi. Mtunzi hajachagua, maana yake hajaziangalia. "Kweli hakika" ni viapo viwili mfululizo, na cha tatu kinakuja mshororo wa tatu. Anayeapa sana hushukiwa. "Kwa nuru" imeletwa na -ru tu, haina maana yoyote pale. "Tumebarika" si neno: alitaka "tumebarikiwa", mizani zikazidi, akalikata miguu. Halafu "uhuru". Tulikuwa sokoni, tumefikaje kwenye uhuru? Kina kimemshika mkono kikampeleka kilikotaka chenyewe.

Kuna majaribio mawili ya kugundua ubeti wa namna hii hata kama umeutunga mwenyewe na unaupenda. La kwanza, funika neno moja kwa kidole usome mshororo. Kama maana haijapungua, neno lile lilikuwa limekuja kujaza kiti. Fanya hivyo kwa maneno yote. Ubeti wa tarbia una maneno kama 20 hadi 28, ni kazi ya dakika kumi. La pili, badilisha jina la mahali au la mtu. Weka Bukoba badala ya Tengeru. Achana na kina kwa sasa, angalia maana tu: imebadilika? Haijabadilika. Basi shairi halikuwa la Tengeru.

Kuufufua, usianze na vina. Anza na nathari. Andika kilichopo mbele ya macho kwa sentensi fupi, bila kupamba:

Saa kumi jioni. Mama amebakiwa na mkungu mmoja, ameulaza juu ya jani la mgomba. Mnunuzi wa mjini amebonyeza ndizi moja, akataja bei ya chini, akaondoka. Mama anapiga hesabu, nauli haijatimia. Mkungu akiurudisha nao utalipiwa nauli. Anamwita yule mtu.

Hapo umepata kisa chenye mwanzo na mgeuko. Kazi ya pili ni kuamua mwisho uangukie wapi, kwa sababu neno la mwisho la ubeti ndilo linalobaki sikioni. Hapa ni lile la kumwita mtu aliyeshaondoka. Andika kipande hicho kwanza, kabla ya kingine chochote: "amwita aliyeondoka". Gonga kidole: a-mwi-ta-a-li-ye-o-ndo-ka, mizani 9. Imezidi moja. "Amwita aliyetoka", 8. Sawa. Kina cha mwisho kimepatikana, -ka, na kimetoka kwenye maana yenyewe. Ndipo unarudi juu kutafuta vitatu vilivyobaki:

Mkungu juu ya jani, jua laanza kushuka,
Mnunuzi wa mjini, abonyeza aondoka,
Mama hesabu kichwani, nauli haijafika,
Aurudishe nyumbani? Amwita aliyetoka.

Angalia kilichoachwa nje. Bei haikutajwa, lakini msikilizaji anajua imeshashuka. "Maskini" halimo, "huruma" halimo. Kushuka kwa jua kumesimama mahali pa saa kumi, na papo hapo kunaandaa sikio kwa kushuka kwa kile kingine. "Mama hesabu kichwani" hakina kitenzi, na hakuna anayekikosa.

Ubeti huu nao una udhaifu, usiutie kwenye fremu. Kina cha -ni ni rahisi mno: karibu kila mahali Kiswahili kinaishia hapo, mjini, kichwani, nyumbani, na mtunzi mvivu anaweza kuishi kwa -ni maisha yake yote. Hapa kimesameheka kwa kuwa "mjini" na "nyumbani" zinapingana, mnunuzi anakoelekea na mkungu unakoweza kurudi. Katika ubeti wa pili tungekibadilisha. Vina vingine vya bei nafuu ni -wa, -na na -sha, kwa sababu vitenzi vyetu vinavimwaga bure. Jitahidi angalau kina kimoja cha shairi kiwe cha kutafutwa: -mbe, -ngo, -zo, -fu.

Daftari la kabla ya shairi

Ubeti ule wa pili haukutoka kichwani, ulitoka kwenye yale maelezo ya nathari, na maelezo hayo hayapatikani ukikaa ndani ukimsubiri msukumo. Uwe na daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa siku andika vitu vitatu: kitu kimoja ulichokiona, kauli moja uliyoisikia kama ilivyosemwa, na neno moja la kazi ya mtu ambalo hukulijua au hujawahi kuliona kwenye shairi. Vitatu vinatosha. Anayejipangia ishirini huacha baada ya wiki.

Hilo la tatu ndilo lenye mali. Kila kazi ina maneno yake, na maneno hayo yana nguvu kuliko sifa. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro huitana wagumu. Neno hilo moja linafanya kazi ambayo ubeti mzima wa "mashujaa wenye moyo" hauifanyi. Kwenye kahawa kuna kuchuma, kumenya, kuchachusha, kuosha na kuanika. Anayetunga "wakulima wanafanya kazi" ana vitenzi vitano amevitupa. Kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga, kuna mfongo, yaani mfereji, na zamu ya maji, kuna isale, mmea unaopandwa mpakani na uleule unaobebwa mtu akienda kuomba msamaha. Stendi, wapigadebe wana mashairi yao tayari, mizani imekaa sawa bila mtu kuwafundisha. Keti kwenye kijiwe cha kahawa Ngarenaro au Kiboriloni, usikilize namna wazee wanavyokatiza hadithi mahali pazuri ili mwenzao aulize "Enhe?" Pumziko hilo ndilo la kati ya ukwapi na utao.

Tunapendekeza pia marufuku ya mwaka mmoja kwa vitu vifuatavyo: Kilimanjaro kama taji, theluji nyeupe kama chochote kile, Mnara wa Saa wa Arusha na habari ya kuwa katikati ya Cape Town na Cairo, "Geneva ya Afrika", na maua ya zambarau ya mijakaranda. Si vibaya, vimechoka. Mlima wenyewe ruhusa kuuandika, ila uandike ulio mbele yako. Kila mtu anajua kwamba una mita 5,895. Anayeishi Moshi anajua zaidi: kwamba mara nyingi huonekana alfajiri kisha ukajifunika, kwamba mwezi wa saba unaweza kukaa siku kadhaa usiuone kabisa na ukawa unajua uko pale kwa baridi tu, kwamba Mawenzi huonekana wakati mwingine Kibo imefichwa. Hayo wageni hawawezi kuyatunga.

Kabla ya kutunga shairi la beti 6, uwe na angalau kurasa mbili za maelezo ya jambo hilohilo. Utatumia sehemu ndogo sana. Kilichobaki hakipotei, kinakupa ujasiri wa kuacha.

Uhuru wa mshairi, na pale unapogeuka ulaghai

Mapokeo yanampa mtunzi ruhusa kadhaa. Inkisari ni kufupisha: "alokuja" badala ya "aliyekuja", umeokoa mizani moja. Mazida ni kurefusha: "afiya" badala ya "afya", umeongeza moja. Tabdila ni kugeuza sauti ya neno ili likae kwenye kina. Na kuna kufinyanga sarufi, yaani kupindua mpangilio: "yangu nyumba", "kweli mapenzi".

Kipimo chetu: isizidi moja kwa ubeti, na msikilizaji aelewe papo hapo bila kurudi nyuma. "Alokuja" anaelewa. "Tumebarika" anasita. Tabdila ndiyo hatari kuliko zote. Aliyeandika "rafiko" ili apate kina na "mwiko" hajatumia uhuru wowote, ameshindwa na kina akaamua kukivunjia mlango. Dawa ya kina kilichokataa ni kubadilisha kipande kizima, wakati mwingine ubeti mzima. Inauma, lakini mara nyingi kipande kipya huwa bora kwa sababu kimekulazimisha ufikirie upya.

Kuna ulaghai mwingine usiozungumzwa sana: Kiswahili cha kuazima umri. Mtunzi wa miaka 22 wa Sakina anaandika "nambeni wangu wandani" na "hino dunia hadaa", maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu yeyote akiwa hai. Muyaka bin Haji, malenga wa zamani, aliyatumia maneno ya Mombasa yake kwa sababu ndiyo aliyokuwa akisikia sokoni na barazani. Ukitaka kumfuata Muyaka, tumia ya soko lako. Neno la kale linaruhusiwa likiwa ndilo pekee linalofaa, na uwe unajua maana yake kwa hakika.

Utenzi, ukiwa na kisa kirefu

Kama kisa chako kina watu, ugomvi na matokeo, tarbia itakuchosha. Chukua utenzi: mishororo minne mifupi ya mizani 8, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne una kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Hivi:

Mfongo wapita kwetu,
leo ni zamu ya watu,
kesho itakuwa yetu,
jembe nalitayarisha.

Mtoto kaja kusema
maji yamekwisha kwama,
juu mtu kasimama,
udongo aporomosha.

Kina cha -sha kitabeba beti zote, kwa hiyo chagua kinachotoa vitenzi vingi. Hapa urahisi ule tulioulaumu kwenye tarbia ni faida. Kosa kubwa la tenzi ni ubeti usiosogeza kisa. Uliza kila ubeti: baada yake, kuna jambo limebadilika? Mfongo ulikuwa unapita, sasa umezibwa. Kama beti tatu zimepita na mtu yule bado amesimama na udongo wake, futa mbili.

Shairi la kuagizwa

Hapa ndipo ukweli wa mshairi hupimwa hasa, kwa kuwa kuna posho. Harusi, mahafali, ujio wa kiongozi, maonyesho ya Nanenane pale Njiro: watakuja kukuomba, na mara nyingi wanakuja siku mbili kabla. Hakuna ubaya kukubali. Malenga wa zamani waliagizwa pia. Ubaya ni kuandika usilolijua.

Ukiagizwa, omba vitu vitano vya hakika kuhusu mhusika, vinavyoweza kuthibitishwa, na visiwe sifa. "Ni mchapakazi" ni sifa. "Alileta bomba la maji kitongoji hiki, na mota ikaungua mara ya kwanza" ni hakika. Kwa harusi, waulize ndugu wa pande zote mbili, maana shangazi wa bwana harusi anajua mambo ambayo kamati haiyajui. Kisha chagua viwili, tunga beti 4 hadi 6, zisizidi. Ukikosa kabisa jambo la kweli la kumsifia mtu, tunga kuhusu shughuli yenyewe: shule, wanafunzi, barabara ya kuja pale. Ukumbi utajua ulichofanya na hakuna atakayekudai.

Rudia lile jaribio la kubadilisha jina. Weka jina la kiongozi aliyetangulia. Kama shairi linamkaa vilevile, ulichoandika ni fomu.

Mambo ya fedha yaseme mwanzoni kwa sentensi moja, na useme pia kwamba maneno yatabaki kuwa yako: hawaongezi ubeti, hawabadilishi jina. Wakikataa sharti hilo la pili, achana nao. La kwanza linaweza kujadiliwa.

Kughani

Mshororo mmoja wa mizani 16 ukighaniwa kwa utulivu huchukua kama sekunde 7, kwa hiyo ubeti ni karibu nusu dakika na beti 6 ni dakika tatu. Ukumbi wa watu wenye njaa hauvumilii zaidi ya nne. Pumua mwisho wa utao. Mwisho wa ukwapi sita kidogo tu, usivute pumzi, la sivyo maana inakatika katikati. Usiimbe kila ubeti kwa mahadhi yaleyale ya kupanda na kushuka kama ngonjera ya darasa la tano, kwa sababu mahadhi yakishazoeleka watu huacha kusikia maneno. Ubeti wenye mgeuko useme karibu na sauti ya kawaida ya mazungumzo.

Kipaza sauti kikae umbali wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili p na b zisilipuke. Katika mahema ya sherehe spika huchelewa na kurudisha mwangwi. Punguza kasi kuliko ulivyofanya mazoezi. Na kama umekariri, bado shika karatasi. Jenereta likizimika au mtoto akilia, utajua umefika wapi.

Kabla hujalitoa nje

Likishakamilika, lifungie wiki mbili. Siku ya kulifungua, lisome kwa sauti mara moja bila kalamu mkononi, kisha mara ya pili ukiwa na kalamu. Mahali ulimi ulipokwama mara zote mbili pana kosa, hata kama mizani imetimia. Mara nyingi ni konsonanti zinazogongana au maneno mawili yanayoanza na sauti moja.

Mpelekee msomaji mmoja anayejua sheria na mwingine asiyezijua. Wa kwanza atakuonyesha guni. Wa pili usimuulize "zuri?" kwa sababu atakwambia zuri, hasa akiwa ndugu yako. Mwombe akueleze kwa maneno yake nini kimetokea ndani ya shairi. Akieleza yule mama na mkungu wake, umepita. Akisema "linahusu umuhimu wa kilimo", rudi kwenye nathari uanze tena, na usimlaumu yeye.

Weka nakala ya kila toleo ukiandika tarehe juu, kwa mkono, hata zile ulizozifuta. Usifute kwenye simu kwa kuandika juu ya toleo la zamani. Vipande vilivyokataliwa kwa mizani 9 huwa vinarudi miezi mingi baadaye kwenye shairi jingine ambalo lilikuwa linatafuta kipande cha namna hiyo.